Familia za mateka wa vita hazina kesi ya kujibu

Shtaka lenyewe ni la zamani, na kila vita vipya huliamsha. Linasema kwamba familia za wanajeshi waliotekwa zimeacha kulia zikaingia kwenye siasa, kwamba umoja wao unatumiwa na watu, na kwamba kelele zao zinamnenepesha adui kwenye meza ya mazungumzo. Serikali ikiwa ndiyo inayosema, familia huitwa wapinzani waliojificha nyuma ya picha za waume zao. Wakisema wapinzani, familia hizohizo hugeuka vibaraka wa serikali.

Gazeti hili limelipima shtaka hilo kwa kesi yenye ushahidi mwingi kuliko nyingine zote, ile ya familia za Wamarekani waliotekwa katika vita vya Vietnam. Hukumu tunaitanguliza ili msomaji asihangaike kuitafuta. Kwa shtaka la kufanya siasa, familia hazina kesi ya kujibu. Lipo jambo moja ambalo viongozi wa umoja wao walikosea kweli, nalo tutalitaja bila kumumunya maneno, lakini silo walilokuwa wakilaumiwa nalo.

Tuanzie kwenye ukimya, maana uozo ulianzia hapo. Rubani Everett Alvarez alitunguliwa tarehe 5 Agosti 1964, akawa wa kwanza kushikwa huko Vietnam Kaskazini. Katika miaka iliyofuata makumi ya marubani walimfuata, kisha mamia. Serikali ya Rais Lyndon Johnson ilikabidhi suala la mateka kwa Averell Harriman wa Wizara ya Mambo ya Nje, na wake wa marubani wakapewa agizo moja tu: nyamazeni. Wasizungumze na waandishi wa habari, wasiyataje mateso, waiachie serikali ifanye kazi yake chinichini. Sababu waliyopewa ilikuwa nzito kwa mke yeyote, kwamba ukifungua mdomo utamponza mumeo.

Walitii kwa miaka. Na katika miaka hiyo ya utii, wahusika wote walijua kinachoendelea. Mwaka 1966 Jeremiah Denton, akiwa amewekwa na waliomteka mbele ya kamera ili ahojiwe, alipepesa macho kwa alama za Morse akaandika neno moja, mateso. Tarehe 6 Julai mwaka huohuo mateka walifungwa pingu wawili wawili, wakapitishwa katika mitaa ya Hanoi huku umati ukiwapiga, na picha zikazunguka dunia nzima. Hanoi ilijua inachokifanya. Washington nayo ilijua. Aliyetakiwa asijue ni Mmarekani wa kawaida aliyekaa sebuleni kwake, kwa sababu kila jina la mateka lilikuwa hesabu ya gharama ya vita ambavyo Bunge halikuwahi kuvitangaza rasmi. Basi tuulize bila kuzunguka, ukimya ule ulimlinda nani? Ilikuwa siasa ya upande mmoja, na wanawake ndio waliolipa gharama yake.

Walilipa pia kwa vitu vidogo ambavyo hotuba za wakubwa hazivigusi. Mwanamke aliyetaka kuuza gari la familia, au kukopa benki kwa dhamana ya nyumba, aliambiwa alete sahihi ya mumewe, na mumewe yuko gereza la Hoa Lo. Wapo waliokaa mwaka na zaidi bila kujua kama ni wake au ni wajane. Hata baadaye barua ziliporuhusiwa, mateka alipewa karatasi yenye mistari sita ya kuandikia. Mistari hiyo sita ilisomwa jikoni usiku mpaka karatasi ikachakaa, kila neno likipimwa kama lina maana nyingine.

Na wakati mwingine lilikuwa nayo. Bi. Sybil Stockdale aliishi Coronado, California, na watoto wanne wa kiume. Mumewe James, rubani wa Jeshi la Wanamaji, alitunguliwa tarehe 9 Septemba 1965. Maofisa wa ujasusi wa wanamaji walimwomba Sybil atie katika bahasha ya kwenda Hanoi picha ya Polaroid ya mwanamke aliyekuwa baharini, na aandike kwamba ni mama mzazi wa James. Hakuwa mama yake. James alipoipokea alishangaa kwa nini mkewe amtumie picha ya mtu asiyemjua, mpaka alipoamua kuilowesha. Karatasi zilizogandamana zikaachana, na ndani yake mkawa na maelekezo ya kuandika barua za siri. Kwa njia hiyo majina ya mateka na habari za mateso vikatoka gerezani.

James angekamatwa na picha ile, Hanoi ingekuwa na jasusi mkononi. Bi. Stockdale alilijua hilo, akalitafakari sana, akakubali. Serikali iliyomtwika mama wa nyumbani kazi ya ujasusi, na kuiweka roho ya mumewe rehani, inapata wapi uso wa kumwambia kwamba suala la mateka ni la wakubwa na halimhusu?

Mwaka 1967 wake wa marubani walikuwa na umoja wao mdogo hapo Coronado. Oktoba 1968 Bi. Stockdale alivunja agizo, akalizungumzia suala la mateka hadharani katika gazeti la San Diego Union. Waziri wa Ulinzi katika serikali mpya ya Richard Nixon, Melvin Laird, aliisema Hanoi waziwazi tarehe 19 Mei 1969, miezi saba baadaye. Umoja wa Kitaifa wa Familia za Wafungwa na Waliopotea Kusini-Mashariki mwa Asia ulisajiliwa tarehe 28 Mei 1970. Tunaziorodhesha tarehe hizi kwa sababu wakosoaji wengi wa wakati ule, na baadhi ya waandishi wa historia mpaka leo, wameandika kana kwamba umoja huu ulitengenezwa Ikulu. Kalenda inakataa. Wanawake walitangulia na serikali ikafuata, tena ilifuata ilipoona njia imeshasafishwa.

Hata hivyo hatutawaficha wakosoaji hoja yao iliyo bora, kwani ipo na ina uzito. Nixon alipoifuata njia ile, aliifanya barabara yake. Desemba 1969 alisimama na wake wa mateka mbele ya waandishi wa habari. Mwaka 1971 alitamka kwamba maadamu Hanoi inashikilia mateka, wanajeshi wa Marekani watabaki Vietnam Kusini. Hanoi nayo ilikuwa inasema mateka watatoka wanajeshi wakiondoka. Hapo vita vikapata sababu mpya ya kuendelea, nayo ni watu waliotekwa katika vita hivyohivyo. Mwandishi Jonathan Schell aliandika baadaye kwamba watu walianza kuzungumza kana kwamba Hanoi iliteka Wamarekani kwanza, ndipo Marekani ikaingia vitani kuwakomboa. Oktoba 1972, wiki chache kabla ya uchaguzi, Rais alikuwa jukwaani kwenye mkutano wa Umoja huo.

Wakosoaji waliongeza jambo jingine. Julai 1970 wabunge wawili wa Marekani waliingia katika gereza la kisiwa cha Con Son, lililokuwa chini ya serikali ya Vietnam Kusini, mshirika wa Washington. Walikuta vizimba vya mawe vyenye nondo juu, na ndani yake wafungwa waliodhoofika hadi baadhi wasiweze kusimama. Nchi iliyokuwa inavaa bangili zenye majina ya mateka wake, zilizouzwa dola mbili na nusu na hatimaye kukaribia milioni tano, haikuvaa bangili yoyote kwa ajili ya watu wa Con Son.

Hayo yote ni kweli. Na kwa hayo yote tunamtia hatiani aliyeyatenda. Zaidi ya Wamarekani 20,000 walikufa Vietnam tangu Nixon aingie madarakani, na Wavietnam waliokufa katika miaka hiyo ni wengi mara nyingi zaidi. Rais aliyeyatumia machozi ya wake wa mateka kuahirisha amani ana deni la damu. Lakini deni hilo haliwezi kuhamishiwa kwa mwanamke aliyesimama kando yake akitumaini kwamba labda huyu atafanya ambacho yule aliyepita hakukifanya. Mwenye mgonjwa humfuata kila mganga, na waganga wakiwa matapeli hatumshtaki mwenye mgonjwa.

Kuhusu Con Son, aliyekuwa na wajibu wa kuvifungua vizimba vile ni serikali iliyomlipia mshirika wake vita. Kumtaka mke wa rubani aoneshe kwanza cheti cha huruma kwa wafungwa wote wa dunia ndipo aruhusiwe kumuulizia mumewe ni ukatili uliovishwa joho la haki. Tungependa wangepaza sauti. Hatuwezi kuwahukumu kwa kutopaza.

Tena wakosoaji wanapaswa waeleze familia zilikuwa na mlango gani mwingine. Hanoi iliukubali Mkataba wa Geneva mwaka 1957, ikaweka sharti lake, na kisha ikadai marubani wale ni wahalifu na si mateka wa vita. Haikuwaruhusu Msalaba Mwekundu kuyakagua magereza. Wanawake waliofunga safari hadi Paris mwaka 1969 kuwauliza wajumbe wa Hanoi kama waume zao wako hai waliambiwa warudi kwao wakaishinikize serikali yao imalize vita. Kuanzia mwaka 1970 barua nyingi zilipitia mikononi mwa kamati ya wanaharakati wa kupinga vita, wakiwamo Cora Weiss na David Dellinger. Ikawa mke wa ofisa, aliyelelewa katika kambi za jeshi, anapokea mwandiko wa mumewe kutoka kwa watu ambao jirani zake waliwaita wasaliti. Wapo waliozipokea huku wameuma meno, na wapo waliokataa kabisa. Hatumwoni mkosaji katika makundi hayo mawili. Anayewataka familia wakae nje ya siasa atuoneshe kwanza barua moja, hata ya mistari sita, iliyovuka kutoka Hanoi bila kupita mkono wa mwanasiasa.

Wala familia hazikuwa sauti moja. Mwaka 1971 baadhi ya wanachama waliona Umoja unamvumilia Nixon kupita kiasi, wakaunda kundi lao lililodai tarehe maalumu ya kuondoa majeshi ili mateka waachiwe mara moja. Bi. Valerie Kushner, ambaye mumewe daktari alikuwa mikononi mwa Vietcong tangu 1967, alipanda jukwaa la mkutano mkuu wa chama cha Democratic huko Miami Beach Julai 1972 kuunga mkono uteuzi wa George McGovern, mgombea aliyeahidi kumaliza vita. Shtaka likageuzwa upande wa pili kama shati, sasa wakisema huyu anamsaidia adui. Bi. Stockdale alilaumiwa kwa kuwa karibu na Rais, Bi. Kushner kwa kuwa mbali naye. Msomaji mwenye akili zake ataona kwamba kilichowakera walaumu haukuwa upande aliochagua mwanamke. Kilichowakera ni yeye kufungua mdomo.

Na je, kile kitisho cha mwanzo, kwamba kelele zingewaponza mateka? Kuanzia mwishoni mwa 1969 mateso yalipungua, chakula kikawa afadhali, na waliofungwa peke yao kwa muda mrefu wakaanza kuwekwa na wenzao. Wanahistoria wanabishana ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kilitokana na kifo cha Ho Chi Minh cha tarehe 2 Septemba mwaka huo, na ni kiasi gani kilitokana na aibu ya kimataifa. Wabishane, ndiyo kazi yao. Mateka wengi waliorudi hawakubishana. Walisema kelele za wake zao ziliwasaidia. Ndege za kwanza ziliruka kutoka uwanja wa Gia Lam tarehe 12 Februari 1973, na kufikia Aprili walikuwa wamerudi 591. Kwa miaka minne serikali iliwafunga watu midomo kwa kitisho ambacho matukio yalikikanusha, na hatujui kiongozi hata mmoja aliyekwenda Coronado kuomba radhi.

Tulisema lipo kosa moja. Linaanza pale mateka waliporudi na zaidi ya Wamarekani 2,500 wakabaki hawajulikani walipo, wengi wao wakiaminika kuwa wamekufa. Wake wa mateka waliorudi walienda majumbani, na Umoja ukabaki mikononi mwa familia za waliopotea. Kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyoongozwa na Sonny Montgomery ilihitimisha mwaka 1976 kwamba hakuna Mmarekani aliye hai anayeshikiliwa kama mateka wa vita vile. Uongozi wa Umoja haukukubali. Kutokubali ni haki yao, ila kuanzia hapo swali la ushahidi liligeuzwa swali la uaminifu. Aliyeuliza uthibitisho uko wapi alionekana amewauza wenzake. Tumaini likawa kanuni ya uanachama, na kwa miaka mingi Umoja ukasimama kuzuia Marekani isifungue biashara wala ubalozi na Vietnam, nchi ambayo nayo ilikuwa na zaidi ya watu wake laki mbili wasiojulikana walikozikwa. Hilo ni kosa. Familia ina haki ya kutumaini bila ushahidi, lakini chombo kinachozungumza kwa niaba ya mamia ya familia hakina haki ya kumfokea anayeuomba.

Lakini tumaini lile halikujiuza lenyewe. Januari 1983 Rais Ronald Reagan aliuambia Umoja kwamba suala la waliopotea litakuwa kipaumbele cha juu kabisa cha taifa. Marais walipandisha bendera nyeusi ya Umoja huku majalada yakibaki yamefungwa makabatini. Julai 1992 George Bush alipohutubia mkutano wa familia, baadhi walisimama wakipiga kelele kwamba wamechoka kudanganywa na wanataka ukweli. Rais wa nchi, mbele ya kamera, akawaambia wakae chini na wafunge midomo. Miaka ishirini na zaidi tangu amri ya kwanza, agizo lilikuwa lilelile, safari hii bila adabu.

Kamati maalumu ya Seneti, aliyoiongoza John Kerry na ambayo John McCain, mateka wa zamani, alikuwa mjumbe wake, ilitoa ripoti Januari 1993. Ilisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba yeyote bado yu hai. Ilisema pia kuna uwezekano kwamba wachache walikuwa hai na walibaki nyuma baada ya 1973. Wanaopenda kuinukuu ripoti hiyo kuwacheka familia husoma sentensi ya kwanza tu. Leo mabaki ya Wamarekani zaidi ya 1,000 yametambuliwa na kurudishwa, mengi kwa upekuzi wa pamoja na Wavietnam, na kazi hiyo isingeanza bila wale wasumbufu.

Kwa nini tunayachimbua haya sasa? Kwa sababu tumeyasikia tena, na safari hii mlangoni kwetu. Agosti 2025 Waziri Mkuu wa Israeli, siku ambayo familia za mateka waliokuwa Gaza ziliitisha mgomo, alisema wanaotaka vita vikome bila Hamas kushindwa wanaifanya ngumu misimamo ya Hamas na kuwachelewesha mateka. Miongoni mwa waliokuwa wanangojwa ulikuwamo mwili wa kijana wa Kitanzania aliyekwenda kujifunza kilimo, akauawa tarehe 7 Oktoba 2023, na ambaye hakurudishwa mpaka Novemba 2025. Familia yake haikuwa na chama nchini Israeli. Huko Gaza nako, miaka mingi kabla ya vita hivi, akina mama wa Kipalestina walikuwa wanakaa kila Jumatatu mbele ya ofisi ya Msalaba Mwekundu na picha za wana wao walio katika magereza ya Israeli. Nchini Ukraine ndugu wa wanajeshi waliotekwa Mariupol mwezi Mei 2022 husimama barabarani na mabango yanayosema mtu asinyamaze, utekwaji unaua. Na Kenya, kambi ya jeshi lake huko El Adde, Somalia, iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, familia zilingoja orodha kamili ya waliouawa na waliochukuliwa, na serikali haikuwahi kuitangaza hesabu hiyo.

Kwa hiyo waziri yeyote, wa nchi yoyote, anayetaka kusimama bungeni kusema kwamba familia za mateka zinatumiwa, afanye jambo moja kabla hajafungua mdomo. Aweke mezani barua zote ambazo ofisi yake imewaandikia watu hao, na tarehe zake, na majibu ya kila swali waliloliuliza. Awaeleze wabunge ni lini mara ya mwisho alipokutana nao bila kamera. Kama faili ni tupu, akae chini.